Silinda ya Chini

Flaviana alikwenda Kinondoni na gauni lake la kanisani, maana mtu anayekwenda kulipiza kisasi hana sababu ya kwenda mchafu. Akishamaliza, angepitia makaburini Mbagala kumpa baba habari.

Mwaliko ulisema fundi Brightson angewasha injini ya ndege ya kale aliyoifufua kwa mikono yake. Kwa mikono yake! Mwizi hana haya.

Injini ile ilikuwa ya baba yake, mzee Polikarpo. Aliikuta kwenye vyuma chakavu vya shamba la mkonge, akahangaika nayo gereji mpaka mvi zikamjaa. Silinda zake zilikaa kwa duara kama watu waliozunguka sinia la pilau. Mzee alipenda kusimulia jinsi wahandisi wa mwanzo walivyoacha injini nzima izunguke pamoja na pangaboi ili ipoe, rubani akarudi ameloa mafuta ya nyonyo usoni. Baadaye wakazituliza silinda, wakaziwekea mapezi membamba zipozwe na upepo.

“Ila ugonjwa mmoja haukuisha,” alikuwa akisema. “Ikikaa sana, oili inashukia silinda za chini. Usipozungusha kwanza pangaboi kwa mkono na kuimwaga, ukiwasha umeiua.”

Brightson, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alikuwa akipiga miayo mzee akifika hapo.

Silinda ya chini kabisa ilikuwa imepasuka. Mzee alitengeneza nyingine, akakata mapezi yake moja moja kwa tupa. Kisha akalazwa. Brightson akaja na lori, akawadanganya majirani kwamba katumwa, akaipakia. Mzee aliporudi alikuta doa la oili sakafuni. Hakupona tena, na mpaka anakata roho aliuliza jambo moja tu: “Flavi, imewashwa?”

Sasa injini ilisimama mbele ya ukumbi mpya wa Brightson, imefungwa kwenye fremu, imepambwa riboni. Wageni walikaa nyuma ya kamba. Brightson, kwenye suti nyeupe, alimwona.

“Jamani, huyu sista angu Flaviana! Baba yake ndo alinifundishaga kushika spana. Njoo, sista, wewe ndo ubonyeze stata.”

Alitaka watu waone binti wa Polikarpo akiubariki wizi wake. Flaviana akaenda, anatabasamu. Pangaboi lilikuwa na vumbi lisilo na alama ya kiganja hata kimoja.

“Umeikagua yote, kaka?”

“Kila kitu fiti! Mie ndo niliyeifufua, au?”

Wageni wakacheka. Flaviana akainama, akapapasa mapezi ya silinda ya chini. Mikwaruzo ya tupa ya baba yake ilikuwa palepale. Neno moja lingeiokoa injini. Neno hilohilo lingemwokoa Brightson, akalimeza.

“Nisamehe, baba,” alinong’ona, akarudi nyuma ya kamba, kilipokuwa kitufe cha stata, akakibonyeza.

Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Ikanguruma! Ngurumo nzito, tamu, iliyomtikisa kifua. Machozi yakamtoka kabla hajajua analia. Kisha ukapiga mshindo, silinda ya chini ikapasuka, na oili nyeusi ikamrukia Brightson usoni na kwenye suti yake. Simu zikatolewa, na vicheko vikaanza.

“Umefanya nini wewe?” Brightson alifoka.

“Nimebonyeza. We ndo uliyeifufua, au?”

Vicheko vikazidi. Brightson akajifuta uso, akaupaka zaidi. Flaviana alimtazama mpaka akashiba, akaokota kipande cha pezi kwenye nyasi. Kilikuwa cha moto, kikamuunguza kiganja, hakukiachia.

Alirudi Mbagala na furaha ya kweli, wala haoni aibu kuisema. Lakini makaburini hakupita. Alijua baba angeuliza nini.