Mnene Asiyekula

Mimi si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu watu wanapenda kuanza na mengine: oo, Bhagirathi na mdomo wake, oo, Bhagirathi hajui kunyamaza. Mdomo ninao, sikatai. Lakini kuiba chakula katika nyumba niliyoolewa? Ng'o!

Mume wangu alikufa kwa kipindupindu kabla hatujajaliwa mtoto. Nikabaki kwa kaka yake mkubwa, Pandit Tarakant Jha, mwanachuoni ambaye wanafunzi humjia hata kutoka ng'ambo ya mto Ganga kujifunza jambo moja tu: mtu anajuaje kwamba anachokijua anakijua kweli. Miaka yote hiyo nimekaa nyuma ya ukuta wa baraza lake nikichambua dengu, na masikio sikuyaziba. Kuna kujua kwa kuona mwenyewe. Kuna kujua kwa kukisia kutokana na dalili, kwamba kule mlimani pana moshi, basi pana moto. Kuna kujua kwa kufananisha. Na kuna kujua kwa kuambiwa na mtu wa kuaminika, yaani anayelijua jambo na anayetaka kulisema kama lilivyo. Wanabishana hayo mpaka povu linawatoka, kisha wanaingia kula wali wetu.

Mimi huo wali hata haunihusu sana. Mjane kwetu anakula mara moja, adhuhuri: wali mweupe, ndizi ya kuchemsha, samli kidogo. Samaki marufuku, kitunguu marufuku. Nimeshazoea. Sasa mwaka huu, tangu mvua zianze, nikawa nanenepa.

Wa kwanza kuona alikuwa Sunaina, mke wa pandit. Namwita Dada kwa sababu ndiyo adabu, si kwa sababu nyingine.

"Bhagirathi, mwenzetu umenawiri," akaniambia siku moja kisimani.

"Ni hewa tu, Dada."

"Hewa gani hiyo? Tuonyeshe na sisi tukaivute."

Kesho yake nikakuta kabati la maziwa lina kufuli. Funguo zilikuwa kwenye pindo la sari yake, zinalia kila akipita karibu nami, na nadhani alikuwa anapita karibu nami kwa makusudi. Nilijua anachotaka. Marehemu aliniachia nusu ya bwawa la nyuma, lenye samaki na mbegu za yungiyungi, na maadamu nipo nyumbani nusu hiyo ni yangu. Mjane akishapelekwa Kashi, mji mtakatifu, kungojea kifo kando ya mto, bwawa anabaki nalo nani? Jibu mwenyewe.

Akaja na ushahidi wake kwa mumewe, na mimi nasikia kila kitu nyuma ya ukuta. Alisema nakula kibakuli kimoja kwa siku, na bado sari hazinitoshi. Alisema amenichungulia usiku, si mara moja, akanikuta nimekaa kitako gizani, natweta kama mtu anayetafuna haraka asije akafumwa.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema.

Siku ileile darasani pandit akatoa mfano wao wa tangu zama za zama: bwana fulani ni mnene, na mchana hali kitu, basi tunajua nini? Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja, "Anakula usiku!" Wakacheka. Kicheko kile kilipita ukutani kikaja kunikalia mapajani pamoja na dengu zangu. Nikasema moyoni, haya, sasa nimekuwa somo.

Ungeniuliza, kwa nini usimwendee shemeji yako ukajitetea? Lo! Kwetu shemeji mdogo utamtania mpaka akimbie nyumba. Shemeji mkubwa hagusiki, haangaliwi, hasemeshwi. Akipita najifunika uso na kugeukia ukuta, na yeye anakohoa mlangoni ili nijue anakuja. Miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kuniona uso, wala mimi sikuwahi kumtamkia neno. Nikitaka kumwambia kwamba kuni zimekwisha, nauambia ukuta, na yeye anausikia. Mtu huyo, anayejua njia zote za kujua, mimi alinijua kwa maneno ya mkewe tu.

Sunaina akamwaga majivu kwenye kizingiti cha jikoni ili nyayo zangu zinifichue. Asubuhi majivu yakawa vilevile, laini, hata paka hajapita. Maziwa hayakupungua wala samli haikuguswa. Nikafurahi mno! Nikamwambia, "Haya Dada, mwizi wako yuko wapi?"

Akayatazama majivu. Kisha akanitazama tumboni, taratibu, akasema, "Kama si cha jikoni, basi yupo anayekuletea. Na sina hakika kama hilo tumbo limejaa maziwa."

Unaelewa alichosema? Mimi, mjane, na nywele zimeshaingia mvi. Nilitamani ardhi ipasuke nimtumbukize yeye. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua, maana lisemwalo lipo, kama halipo laja, na wanawake wa kisimani walikuwa wamekaa wanalingojea lije. Pandit akaamua: msafara wa mahujaji unaondoka baada ya mwezi mpevu, Bhagirathi atakwenda nao Kashi, na hatarudi.

Kupelekwa Kashi kwa heshima ni jambo jema, wengi wanaomba. Lakini kupelekwa na tumbo linalosemwa! Jina langu na la marehemu yangu yangebaki kisimani yakifuliwa pamoja na nguo chafu mpaka mwisho wa dunia. Nikauendea ukuta.

"Ewe ukuta," nikasema, kwa sauti hata wanafunzi wasikie, "mwambie pandit kwamba darasani kwake hata wapinzani waliokufa miaka elfu iliyopita wanapewa zamu ya kusema. Mimi ni hai. Naomba zamu yangu."

Nikasikia pandit anakohoa. "Ukuta," akasema, "mwambie asubuhi."

Wakatundika shuka uani. Yeye upande ule kwenye mkeka, mimi upande huu, Sunaina kati, wa kupeleka maneno. Wanafunzi aliwafukuza, nashukuru.

"Dada, mwulize: nani ameniona nikila?"

"Anauliza nani amemwona," akasema Sunaina, kana kwamba mumewe ni kiziwi.

"Hakuna," akajibu pandit.

"Basi si kuona, ni kukisia. Dalili yenu ni unene. Nawauliza: kila palipo na unene pana kula? Hamjawahi kuona unene mwingine? Moshi una mzazi mmoja. Unene wangu mmeuliza una wazazi wangapi?"

Nikamsikia akijisogeza. Nadhani alipenda swali lile. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kwamba amelipenda.

"Mwambie," akasema, "aliyeushuhudia unene ni mtu wa kuaminika."

"Wa kuaminika! Mwenye macho yake kwenye bwawa langu?"

"Bwawa?" Sunaina akapandwa. "Nani kataja bwawa? Mwanamke huyu ana laana! Mimi nasema ninachokiona, na kila mwenye macho anakiona!" Akainama, akanipandisha sari, akanishika mguu chini ya goti. "Haya yote ni ya ndizi ya kuchemsha? Haya? Haya?" Akanididimiza kidole gumba kwenye muundi kwa nguvu zake zote.

Aliponiachia, kidole kilitoka, shimo likabaki.

Tulilitazama wote wawili. Lilikuwa shimo la kina, kama mtu amebonyeza unga uliokandwa, na halikuwa na haraka ya kujaa. Sunaina akabonyeza tena pembeni, polepole sasa. Shimo la pili.

"Kuna nini?" pandit akauliza.

Mkewe hakusema kitu. Mara ya kwanza maishani mwake! Basi mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikasogeza mguu, nikautoa nje ya shuka, upande wake, mbele ya shemeji yangu mkubwa, mguu mtupu mpaka gotini.

"Si kwa ukuta wala kwa Dada," nikasema. "Ona mwenyewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Hakukohoa. Nikahisi kidole chake, kikavu, kinanibonyeza, kinangoja, kinabonyeza tena karibu na kifundo.

"Usiku analala vipi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Silali. Nikijinyoosha nazama kama nimo bwawani. Nakaa mpaka kuche."

"Hakuwa anakula," akasema Sunaina, akaketi chini palepale.

Pandit akaivuta shuka kando. Nikauona uso wake, mara ya kwanza: mzee, mpole kuliko sauti yake, anafanana na marehemu kwenye nyusi. Akanitazama usoni, akaniambia mimi, si ukuta, "Hukula. Huu si unene, ni uvimbe; dalili tuliisoma vibaya. Hatia ni yangu."

Wee! Nilishinda! Nimemshinda pandit kwa hoja, mimi mchambua dengu, na Kashi siendi. Nilicheka nikalia. Sikumwuliza mtu kwa nini wao hawacheki.

Walinipeleka mjini Darbhanga kwa gari moshi. Daktari akasikiliza moyo wangu kwa mpira wake, mbele na mgongoni, muda mrefu, kisha akamwita pandit nje wakafunga mlango. Kwenye dirisha nilimwona pandit akivua miwani yake na kuisahau mkononi.

Tukarudi. Na hapo ndipo mambo yakaanza kunitia wasiwasi. Kufuli la kabati likatoweka. Sunaina akanihamishia chumba cha mbele, chenye upepo, akanipangia mito ili nilale nimeinuka. Anapika changu mbali, hakitiwi chumvi. Ananikanda miguu, na juzi nilimkuta amegeukia ukuta anajifuta macho. Nikasema labda ni bwawa. Nikamjaribu: "Dada, ile nusu yangu chukua tu." Akalia kwa sauti, akasema, "Bwawa la nini, mdogo wangu? Baki nalo." Hapo ndipo nilipoogopa. Sunaina namjua mimi.

Leo asubuhi pandit amekuja mlangoni, hakukohoa. Ameleta maziwa mwenyewe, ya moto, yana utando wa malai juu. Akakiweka kikombe mkononi mwangu.

"Utapona, Bhagirathi," akasema.

Mtu huyu nimemsikiliza miaka yote nyuma ya ukuta, sijawahi kumsikia akisema neno asilolijua.

"Shemeji," nikamwuliza, "hilo umeliona, umelikisia, au umeambiwa?"

Alisimama pale, macho yake kwenye kikombe.

"Kunywa," akasema. "Yanapoa."