Mbu Waliokwenda Kufia kwa Dorika

Siku ya kugawa dawa, Bibi Dorika alikunywa kwanza uji wa mtama wenye karanga, maana vidonge vya matende na mabusha havitaki tumbo tupu. Pale zahanati akasimama kwenye fimbo ya kupimia urefu, akapewa vidonge vinne, akameza. Mjukuu wake Ida hakufikia hata alama ya kwanza ya fimbo. Akarudishwa bila kidonge.

Jioni ile mbu waliomuuma Dorika walikufa. Kesho yake wakaja wa nyumba za jirani, wamepanga foleni mlangoni, wakamuuma mmoja mmoja, wakafia mkekani. Wa Chiwata, kijiji cha mbali, walifika Alhamisi. Dorika akawazoa kwa ufagio wa chelewa. Ida, aliyezoea kushikwa na degedege la malaria kila masika, msimu ule hakupata hata homa.

Dorika akamfuata Fortunatus, mganga wa zahanati.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Vidonge vyako vya mabusha vinaua mbu, baba.”

“Kwani Bibi una busha?”

Wauguzi wakacheka.

“Busha sina. Macho ninayo.”

Habari zikaenea, wakaja wataalamu kwa gari jeupe. Walimtoa Dorika damu chupa sita, wakachukua na mbu wawili waliokuwa bado kwenye foleni. Mwaka uliofuata, akimenya mihogo, akasikia redioni kuwa dawa ya zamani ya matende imegundulika kuwa na kazi mpya, kuua mbu. Wagunduzi walitajwa majina yote matatu matatu. Yeye hakutajwa.

Mwaka huohuo kata ikatangazwa haina matende tena, ugawaji ukakoma. Mbu wakapanga foleni kama kawaida, wakamuuma Dorika, wakashiba, wakahamia kwa Ida.

“Stoo imejaa, Fortunatus. Nipe vinne tu.”

“Vile ni vya matende, Bibi. Vya mbu havijaidhinishwa.”

“Si ni vilevile?”

“Ni vilevile. Fomu ndiyo haijaja.”

Ida alishikwa na degedege Jumapili, akafia kwenye bodaboda kabla ya kuufikia mji wa Newala.

Vidonge vilipopitwa na muda vilichomwa nyuma ya zahanati. Moshi ukatanda juu ya mikorosho, na mbu wa kata nzima wakaanguka, hata kwenye masufuria ya watu. Fortunatus alijikung'uta mabega, akampa Dorika karatasi ya kushuhudia uchomaji atie sahihi, kwa kuwa bibi huyo ni mjumbe wa kamati ya zahanati. Dorika akaandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la saba: *Dorika, bibi yake Ida.*

“Linatakiwa jina tu, Bibi,” Fortunatus akasema. Akayapaka wino mweupe wa kufutia maneno ya mwisho, akayapuliza yakauke, akagonga muhuri.