Redio na Binti wa Baiskeli

Watu wa kituo cha mabasi walimwita mke wangu Redio, na hawakuwa wakimdhihaki. Ukifika pale asubuhi, hata kama umesinzia juu ya begi lako, ungemsikia kwenye vipaza sauti: abiria wa basi la milimani geti la pili, injini imeshawashwa; mama mwenye mtoto mgongoni usikimbie, dereva ameshakuona. Hilo la dereva hakuna aliyemwandikia. Alilitoa kichwani mwenyewe, na watu wakacheka wakiwa kwenye foleni ya tiketi.

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha akiwa anaanika nguo. Mkono ulirudi, mguu nao ukarudi, anachechemea kidogo tu. Maneno yakagoma. Sauti ilikuwa ile ile, nzuri, lakini ilitoa vitu vya ajabu. Akitaka chumvi anasema ndoo. Unamletea ndoo, anaiangalia, anakuangalia, anakuwakia kana kwamba wewe ndiye mwenye wazimu, maana masikioni mwake alikuwa amesema chumvi. Hilo lilinitesa kuliko yote. Alikuwa hajisikii anapokosea.

Mimi ni fundi makochi. Natoa sponji kuukuu, natia mpya, navuta kitambaa, napiga misumari, mteja anakaa, anatikisa makalio mara mbili tatu, anasema sawa. Subira sina, muulize yeyote mtaani. Lakini mkuu wa kituo alikuwa ametuambia kwamba nafasi ya Redio ataishikilia hadi mwaka uishe, kisha atamjaribu kwenye kipaza sauti, na akishindwa itabidi aajiri mwingine. Mke wangu alilijua hilo. Kila asubuhi aligusa sare yake ya bluu pale ilipotundikwa nyuma ya mlango, halafu ananitazama. Alitaka kurudi kazini. Sijui kitu kingine alichokitaka mwaka ule.

Mama wa mazoezi ya kusema, pale hospitali, alitupa kitabu cha picha: paka, mpira, kikombe. Mke wangu alikifungua, akamwona yule paka, akakirusha hadi uvunguni mwa kabati. Nilimpa haki yake. Mtu amepeleka nusu ya nchi safarini kwa mdomo wake, leo anaonyeshwa paka? Ndipo mdogo wake, shemeji yangu anayeuza vitabu vya shule, akatuletea riwaya ya vijana.

"Shemeji, hiki maneno yake ni mepesi, lakini hakimfanyi mtu mtoto," akasema. "Kinahusu binti anayeiba baiskeli ya mjomba wake aende kumtafuta mama yake."

"Anampata?"

"Si usome mwenyewe."

Mara ya mwisho mimi kusoma kitabu kizima nilikuwa navaa kaptula. Hata hivyo mtu akibanwa huimba asichokijua. Tukawa tunakaa jioni, kabla ya chakula, kwenye kochi lolote la mteja linalongoja kitambaa, mimi nasoma sentensi na kuikatisha kabla ya neno la mwisho, ili yeye amalizie. "Binti alipiga magoti kando ya kisima, akanywa..." Mwanzoni alinipa kila kitu isipokuwa maji. Akanywa dirisha. Akanywa shangazi. Nilicheka hadi machozi yakatoka, halafu nikaona machozi hayataki kukoma, nikajifanya natafuta nyundo.

Siku moja akasema, "Maji."

Nikarudia sentensi. "Maji," akasema, kavu kabisa, kama anayeniuliza mbona najisumbua. Loo, nilitoka nje nikawatangazia majirani utadhani mtoto kaota jino. Baada ya hapo yakaja kidogo kidogo: chumvi, mlango, barabara, moto, tochi, mjomba. Haba na haba, nikajiambia. Kufikia katikati ya kitabu alikuwa hakosei neno.

Sasa subiri uone. Siku moja alikuwa na kiu, nikaona kabisa ameshika koo, nikamwambia, "Sema mke wangu, unataka nini?" Akafungua mdomo. Akatoa "zulia". Nikamwambia jaribu tena. "Zulia." Akaanza kukasirika. Nikachoka, nikasema tu bila kufikiri, "Binti alipiga magoti kando ya kisima, akanywa..."

"Maji," akasema papo hapo.

Nikaelewa. Neno lilikuwepo, ila lilikuwa limekaa mwisho wa sentensi ile, na njia ya kulifikia ni moja, na anayemfungulia njia ni mimi.

Basi tukawa tunaishi ndani ya kitabu. Akionja mboga na kukunja uso, nasema, "Bibi alionja mchuzi akaguna, akasema umepungua..." naye anasema chumvi, namletea. Upepo ukivuma, "Binti alitoka kwa kunyata, akarudishia..." naye anasema mlango, naufunga. Mteja mmoja alikuja kuchukua stuli zake akatukuta tunabishana kuhusu kitu nisichokijua, mimi namaliza sura nzima nikitafuta anataka nini, mjomba kaibiwa, baiskeli imepata pancha, mpaka tukafika kwenye blanketi. Yule mteja alilipa akaondoka kinyumenyume. Sikumlaumu.

Yule mama wa hospitali nilipomweleza hakufurahi nilivyotarajia.

"Fundi, nisikudanganye," akasema. "Anachokumbuka ni sentensi. Neno bado hana."

"Tofauti iko wapi? Si anasema?"

"Anasema ukianza wewe. Mwulize bila kitabu."

Nilimwuliza bila kitabu wiki nzima. Nikapata zulia, ndoo, shangazi. Jumapili nikarudi kwenye kitabu, maana huko angalau alikuwa anatabasamu.

Mwaka ukawa unayoyoma. Nikapata wazo, na nilijiona mjanja sana. Nikawa naingiza mabasi ndani ya hadithi. Nasoma, "Binti alifika kituoni akasikia sauti ikisema, abiria wa basi la milimani, geti la..." naye anasema pili. "Abiria wa basi la bandarini, geti la..." naye anasema tano. Akazishika sentensi zote, tena kwa ile sauti yake ya zamani, anavuta mwisho wa neno kidogo kama alivyokuwa akivuta pale kituoni. Shemeji alikuja akatusikiliza, akanivuta jikoni.

"Shemeji, akiwa peke yake nani atamwanzia?"

"Ataanza mwenyewe."

"Umewahi kumsikia akianza?"

Na kweli nilikuwa nimemsikia. Jioni moja nilikuwa nakata kitambaa, nikasikia nyuma yangu: "Asubuhi ile binti aliamka kabla ya jogoo, akavaa viatu vya kaka yake, akashuka ngazi bila kupumua." Ukurasa wa kwanza, wenyewe, bila mtu kumsukuma. Tulikuwa tumeusoma mno. Nikamwambia shemeji kwamba aliyeanza kimoja ataanza na kingine. Shemeji akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Siku ya majaribio alivaa sare. Nilimpigia pasi mimi, kola nikairudia. Makondakta walimzunguka, Redio, Redio karibu, na yeye akawapa mkono mmoja mmoja kwa heshima kama bibi harusi. Mkuu wa kituo akatupokea vizuri. Si mtu mbaya, nasema hilo hata leo. Ila pale kwao chumba cha matangazo haingii mtu asiye mtangazaji, tangu kondakta mmoja mlevi alipojipenyeza akamtukana mke wake hewani mbele ya abiria wote.

"Niache nisimame mlangoni tu," nikamwambia. "Namwanzia, yeye anamaliza."

"Fundi, ukisimama mlangoni leo, utasimama mlangoni kila siku?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Ningefunga karakana nikasimama. Lakini alishafunga mlango, naye mke wangu akawa nyuma ya kioo, ameketi kwenye kiti chake, anakivuta kipaza sauti karibu kama anavyovuta kikombe chake. Mbele yake alibandikiwa ratiba. Mkuu akamwashia taa ya kuwa hewani.

Kimya. Abiria wakainua vichwa wakitazama vipaza sauti. Nikawa nasema moyoni, abiria wa basi la milimani, abiria wa basi la milimani, na midomo inacheza. Akanitazama kupitia kioo. Akavuta pumzi.

"Asubuhi ile binti aliamka kabla ya jogoo," akasema, na sauti ikajaa kituo kizima, safi, tamu, haijawahi kuwa nzuri vile. "Akavaa viatu vya kaka yake, akashuka ngazi bila kupumua. Baiskeli ya mjomba ilikuwa imeegemea ukuta."

Hakukosea hata neno. Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha, wakasikiliza. Mzee mmoja karibu yangu akamwuliza jirani yake basi la mjomba liko geti la ngapi. Basi la milimani likaondoka na viti vitupu, na abiria wake wamesimama na mizigo wakingoja kujua kama binti atakamatwa. Mkuu alimwacha afike hadi mwisho wa ukurasa. Halafu akanyoosha mkono polepole akazima taa.

Mke wangu akatoka akiwa anang'aa. Akatengeneza kola. Alikuwa ametangaza, ndivyo alivyojua yeye: mabasi yote, mageti yote, bila kosa. Akamwangalia mkuu akingoja.

"Asante sana, mama," mkuu akasema. "Nenda ukapumzike." Kisha akanikazia mkono, akaninong'oneza kwamba mtu mpya anaanza wiki ijayo, nimsamehe. Sikuwa na la kumsamehe.

Njiani alinishika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu augue. Nyumbani aliivua sare, akaifua mwenyewe, akaianika, akanyoosha mikunjo kwa kiganja. Nilipaswa kumwambia pale pale. Badala yake nikachukua nyundo nikapiga misumari kwenye kochi ambalo halikuhitaji msumari.

Asubuhi nikamkuta amevaa. Viatu, begi, kila kitu, amesimama mlangoni ananingoja nimsindikize.

"Kaa kidogo, mke wangu."

Hakukaa. Nikamweleza, polepole, uso kwa uso, kama nilivyofundishwa hospitalini. Kwamba kazi imekwisha. Kwamba mkuu ameweka mtu mwingine. Alinitazama mdomo, akatazama macho, akarudi kwenye mdomo. Nikarudia. Nikaona inamwingia, kwa sababu mashavu yalishuka kidogo kidogo, na mkono ukalegea kwenye begi. Sikuwa na sentensi ya kumwanzia, na hakuna mahali kwenye kile kitabu palipokuwa na jambo hili.

Akasema, "Kesho?"

Hakuna aliyemwanzia. Nilipekua kurasa zote kichwani na sikulikuta mwisho wa sentensi yoyote tuliyoisoma. Lilikuwa neno lake, limetoka lenyewe, mahali pake, na alichouliza ndicho alichomaanisha. Mwaka mzima nilikuwa nalilia neno moja tu la namna hii. Ningeweza kutoka nje nikawaita majirani.

"Hapana, mke wangu," nikasema. "Kesho pia hapana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaketi kwenye kochi la mteja, begi mapajani, magoti yamekutana. Nikadhani ameelewa, nikaenda kumchemshia chai. Niliporudi na kikombe alikuwa bado ananitazama, amejipanga vizuri, anangoja nikae nimsikilize.

"Kesho?"