Jicho la Mzee Lavern

Hapa kwetu kaskazini mwa Wisconsin hakuna mwanamume aliyewahi kumpiga kulungu kwa karibu. Waulizeni wote. Kila mshale ulikwenda yadi arobaini, upepo ukivuma ubavuni, jua likiwa machoni, na kulungu mwenyewe akitembea. Mimi nimewasaidia kuwaburuta hao kulungu kutoka msituni tangu nikiwa msichana, na mahali penyewe penye damu nimepaona. Jamani! Wengine ungewadondoshea kofia kutoka juu ya mti ikawatua mgongoni.

Ndiyo maana baba yangu, Lavern Halvorsen, alikuwa mfalme wa kambi yetu ya uwindaji. Mzee yule hakuwa mtu wa kujisifu. Alikaa kwenye kiti chake barazani, glasi ya brandi mkononi, wakamwonyesha kisiki kule ukingoni mwa uwanja, naye akafumba jicho moja na kusema, "Ishirini na saba." Mkwe wake Duwayne, mume wa dada yangu, anainua kipimio chake, kile kidude cha kuchungulia kinachokutajia yadi, anachungulia, anakitikisa, anachungulia tena. "Ishirini na saba," anasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Duwayne anaviuza vidude hivyo dukani kwake. Nadhani mnauelewa uchungu wake.

Sasa mimi ni Marlys, binti wa kwanza wa Lavern, na nilijua jambo ambalo wale wanaume hawakulijua. Jicho la baba halikuwa jicho. Ilikuwa miguu. Kila mwaka alifika kambini siku moja kabla ya wengine, akapima kwa hatua kila kisiki na kila jiwe la uwanja ule. Kisha akaenda kwenye dungu lake, yaani lile jukwaa alilolijenga juu ya mti kando ya kinamasi, akapima kutoka pale mpaka kwenye kila njia wanayopita kulungu. Nilipokuwa mdogo nilimfuata nyuma nikihesabu naye, na aliniapisha nisimwambie mtu. Akiwa juu ya dungu, kulungu akasimama mahali ambapo hajapapima, baba hapigi. Hata awe na pembe pana kama kiti cha askofu, anamwacha aende zake. Ndivyo alivyopita miaka yote bila kukosa, na ndivyo shati lake lilivyobaki zima.

Habari ya shati ni hii. Kwetu ukimtupia kulungu mshale ukamkosa, jioni unasimama mbele ya jiko la kuni, wanakukata pindo la nyuma la shati kwa mkasi, wanalipigilia ukutani na jina lako juu yake. Ukuta wetu umejaa. Mapande ya Duwayne peke yake yanatosha kushona pazia. La baba halikuwapo, na mwaka ule mama alipofariki, baba alitamka mbele ya wote, "Siku mtakayokata shati langu, natundika upinde." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Tangu mama aondoke, kitu pekee kilichomtoa baba kitandani alfajiri kilikuwa kulungu. Ukimwondolea hicho, unabaki na mzee anayekaa dirishani akitazama magari.

Basi mwaka huu goti likamgomea. Nilimpeleka kambini mapema kama kawaida, akashuka garini, akapiga hatua chache, akaushika mti. "Limevimba," akasema. "Sipimi." Nikamwambia nitampimia mimi. Akasema hatua zangu si zake, na kwamba mwaka huu atapiga kwenye njia za zamani tu, zile anazozikumbuka. Nikaona sawa, maana njia zile hazijahama tangu nizaliwe.

Lakini kesho yake Duwayne akaja na kulungu wa sponji.

Alikuwa mpya, wa kulengea shabaha, ametoka naye dukani. Waliomtengeneza walibana matumizi ya sponji, maana alikuwa na ukubwa wa mbuzi aliyeachishwa ziwa mapema. Duwayne akamsimamisha upande wa kushoto wa uwanja, kwenye nyasi tupu, mahali pasipo na kisiki wala jiwe la kukumbuka. Akarudi barazani akisugua viganja.

"Haya mzee. Huyu je?"

Baba akamtazama yule mnyama wa sponji, akapangusa pua, akatazama tena. Nilijua hana kitu, pale hajawahi kupapima.

"Mzee umelala?" akachokoza Arvid, jirani yetu mwenye shamba la mahindi, aliyesoma na baba darasa moja. "Au tukuletee miwani ya mke wangu?"

"Mke wako angekuwa anaona vizuri, angekubali kuolewa na wewe?" baba akamjibu. Watu wakacheka, naye akapata nafasi ya kupumua. Akafumba jicho. "Thelathini na moja."

Duwayne akainua kipimio. Nikaona mabega yake yakikakamaa. Akachungulia kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akakishusha taratibu.

"Thelathini na moja kamili!" akapiga kelele. "Huyu mzee si mtu wa kawaida!"

Wakampigia makofi mpaka mbwa akaamka. Walipoingia ndani kula, mimi nikakiokota kile kidude nikapima mwenyewe. Ishirini na tatu.

Nikamvuta Duwayne kwa mkono wa shati mpaka nyuma ya rundo la kuni.

"Ishirini na tatu, shemeji."

"Najua."

"Sasa ulichosema ni nini?"

"Hukuiona mikono yake? Ilikuwa inatetemeka, Marlys. Ningemtahayarisha vipi mzee wa watu mbele ya Arvid?"

"Si ndicho ulichokitaka miaka yote?"

"Ndicho," akasema, akitazama viatu vyake. "Lakini nilipokipata sikukitaka tena."

Haki ya Mungu, nilitamani kumpiga gogo la kichwa. Miaka yote nimemvumilia akiwa mpumbavu, halafu siku anayoamua kuwa mtu mwema anaichagua siku hiyo!

Nilikuwa naosha sufuria ya maharage baba alipoingia jikoni, mashavu mekundu, akinong'ona kama mvulana aliyebusiwa. "Marlys, umeona? Sikupima! Kumbe ninalo kweli!"

"Huna, baba," nikamwambia. "Duwayne amekudanganya. Nimepima mimi mwenyewe, ni ishirini na tatu. Kale kamnyama ni kadogo, ndiyo maana ulikaona kako mbali."

Akanitazama kana kwamba nimetemea chakula chake mate. "Kipimio hakidanganyi."

Huyo ndiye mtu ambaye tangu vidude hivyo vitoke alikuwa akiviita midoli ya watoto! Sasa kimoja kimemsifu, kimekuwa neno la Mungu.

"Kipimio hakijasema kitu. Aliyesema ni Duwayne. Amekuonea huruma."

"Duwayne?" Akacheka mpaka akakohoa. "Duwayne angependa kunishinda kuliko kupata mtoto wa kiume. Kama amekubali, basi nimepatia. Wewe una wivu tu. Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, hakupenda nikisifiwa."

Akatoka akichechemea, kifua mbele. Sufuria ile niliisugua mpaka ikakaribia kutoboka.

Kulipokucha nilikuwa juu ya dungu langu, upande wa pili wa kinamasi. Miti ilikuwa imepukutisha majani, nikamwona baba vizuri kule kwake, na upinde wake wa zamani wenye alama tatu za kulengea: moja ya yadi ishirini, moja ya thelathini, moja ya arobaini. Kosea umbali, umekosea alama, na mshale unapita chini au juu. Hakuna njia ya katikati.

Kwanza akaja kulungu jike, mnene, akitembea polepole kwenye njia ya zamani. Akasimama kando ya jiwe ambalo baba amelipima maisha yake yote, ubavu wazi. Yadi ishirini. Mshale ambao hata Duwayne angeupatia.

Baba hakuinua upinde. Alikuwa ameligeukia shamba.

Mwaka huu Arvid alivuna mahindi mapema, na katikati ya mabua alikuwa amesimama dume. Salale! Shingo nene kama pipa, pembe kama kichaka. Kule hatukuwahi kupima, kwa kuwa majira haya huwa ni mahindi matupu. Na kulungu mkubwa huonekana yuko karibu, kama mdogo anavyoonekana yuko mbali. Hilo nilifundishwa na baba mwenyewe. Nikawa nasema peke yangu, mwache, baba, mwache, mgeukie jike wako. Akavuta uzi. Akatulia kwa uzuri ule ule wa siku zote, mkono haukutikisika. Akaachia.

Mshale ukapita chini ya tumbo ukazama udongoni. Dume likaruka mara moja, likasimama kushangaa, likaondoka zake.

Nilipofika, baba alikuwa ameketi chini ya ngazi. Nikatembea mpaka kwenye mshale nikihesabu, na hata kwa hatua zangu ndefu ilikuwa thelathini na nane. Nikaung'oa, nikarudi.

"Ulimwona kwenye ngapi?"

"Ishirini na tano," akasema. "Nilimwona yuko hapa, Marlys. Ningeweza kumshika mkia."

Nikaufuta mshale matope kwa mkono wa koti langu. "Hakuna aliyeona isipokuwa mimi."

"Na mimi," akasema, akaunyosha mkono nimsaidie kuinuka.

Jioni akasimama mbele ya jiko bila kuambiwa. Mngewasikia wale wanaume! Arvid akasema upepo ulikuwa mbaya. Hapakuwa na upepo. Mwingine akasema dume lilishtuka. Mwingine akasema bua la hindi liliugonga mshale. Watu waliokuwa wakijiongezea yadi na upepo maisha yao yote, sasa wanavigawa bure kama peremende.

"Kateni," baba akasema.

Wakampa Duwayne mkasi. Akaushika, akasogea. "Yule wa sponji alikuwa ishirini na tatu," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilikudanganya, mzee. Nisamehe."

Baba hakugeuka. Alikuwa akiutazama moto.

"Ungenicheka jana," akasema, "leo ningempiga yule jike wa kwenye jiwe." Akalinyoosha pindo la shati. "Kata, mwanangu, nasikia baridi."

Duwayne akakata, upande upande, akiwa haoni vizuri. Arvid akalipigilia ukutani. Baba akauchukua upinde wake, akautundika kwenye msumari juu ya mlango, akaketi mezani.

Tukala, hakuna aliyeutazama upinde. Mwisho Arvid hakuweza kuvumilia, akaelekeza uma dirishani. "Ule uzio pale, mzee. Ngapi?" Na wote, kwa mazoea, wakamgeukia.

Baba akaweka kijiko chini. "Sijui. Sikuwahi kujua. Nilikuwa nakuja siku moja kabla yenu, napima kwa miguu."

Wakamkodolea macho. Kisha Arvid akaangua kicheko, akaipiga meza. "Kwa miguu! Mmemsikia? Mzee Lavern, kwa miguu!" Wakacheka wote, hata Duwayne na macho yake mekundu. Walifurahi kuona mzee bado anaweza kutania.

"Waambie, Marlys," baba akasema.

Nikawaambia. Nikaeleza tangu nilipokuwa mdogo, kisiki kwa kisiki. Wakazidi kucheka, Arvid akaniambia nimerithi maneno ya baba yangu, na kwamba jicho kama lile halitaonekana tena kaskazini hii nzima.

Baba akarudia maharage yake, ameinama, kipande cha mgongo kikionekana pale shati lilipokatwa. Nikaenda kumletea koti.