Siku za Anverali Baada ya Oktoba

Fizza, mhasibu wa kodi, alikwisha kuhesabu siku mia tatu sitini na sita ndipo akakumbuka kwamba mwenye shajara, Anverali, alifariki tarehe tisa Oktoba.

Akarudi nyuma, kidole kikifuata kurasa. Anverali aliishi Mississauga, lakini alichora mitambo kwa kampuni moja ya Buffalo, ng'ambo ya mpaka. Jimbo la New York, uliko mji huo, lilimtoza kodi kwa siku alizofanya kazi huko tu, basi kila siku ya mwaka 1996 aliiandikia herufi moja: B kama alivuka, N kama alibaki nyumbani. Aliandika kwa wino wa kijani, na N yake ilikuwa na mkia mrefu.

Baada ya Oktoba tisa mkia ule uliendelea. N, N, N, mpaka siku ya mwisho ya Desemba. B haikuonekana tena.

"Umenyamaza, binti," alisema Mariambai, mjane wa Anverali, aliyekaa mbele ya meza bila kuvua koti. "Chuo kizima umesoma, kujumlisha kumekushinda?"

"Hapana, mama. Nani ameandika humu baada ya msiba?"

"Shajara ilikuwa kwenye mkoba wake wa kazi, na mkoba nimeufungua leo asubuhi." Mariambai akatazama pembeni. "Kwani imeandikwa?"

Fizza akarudi kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa kodi haikuwa shida; hesabu ya marehemu huishia siku aliyokufa. Lakini alijua kilichomleta mama huyu. Mehdi, mwanawe, alikwisha kumkatia tiketi ya kwenda kuishi naye Vancouver, na mara mbili mama alikuwa ameahirisha safari. Msikitini kina mama walisema amekonda, anakula amesimama jikoni, na bado anapakua sahani mbili.

"Namsikia akivua viatu," alisema Mariambai, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Kama yuko nyumbani, nitamwachaje peke yake? Kama amevuka, nitaondoka. Mimi sitaki kuangalia. Niambie wewe, siku ya mwisho ya mwaka ameandika nini?"

Fizza alikuwa mtu wa aibu, na uongo ulimkaa vibaya mdomoni tangu utoto. Aliiangalia ile N. Wino ulimeta, kana kwamba haujakauka.

"B," akasema. "Amevuka, mama."

Mariambai alishusha pumzi ndefu. Akatia sahihi kila alipoonyeshwa, akambusu Fizza kwenye paji la uso, akasema atampigia Mehdi jioni hiyohiyo.

Fizza akaifunga shajara. Ncha ya kidole chake ilikuwa ya kijani.

Akaenda dirishani. Chini, theluji ya Machi ilianguka kwenye kituo cha basi kisicho na paa, na Mariambai alikuwa ameketi katikati ya benchi, peke yake. Basi halikuwa limefika. Kisha mama yule akainua uso, akatabasamu kidogo, akavuta mkoba wake na kusogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake.

Fizza alisimama pale mpaka benchi lote likawa jeupe, isipokuwa alipokaa Mariambai, na nafasi moja kando yake.