Kadi ya Liège, Kadi ya Cologne

Kaka yangu Anaclet anakaa Liège, Ubelgiji. Dada yangu Gloriose anakaa Cologne, Ujerumani. Mtu akipanda treni asubuhi Liège, anafika Cologne kabla watu hawajamaliza chai. Lakini mwaka ule wa 1998, habari ya kutoka Liège kwenda Cologne ilipitia Durban, kwenye simu ya saluni ya Rhoda, jirani na soko la Warwick, na aliyeipokea ni mimi, Sonia, kitinda mimba, nikiwa nimesuka nusu kichwa cha mteja.

"Mwambie dada yako." "Mwambie kaka yako." Nilichoka.

Chanzo ni msiba wa baba. Baba alifia hapa Durban, na Anaclet, mkubwa wetu, ndiye aliyepewa kazi ya kumjulisha Gloriose. Akaogopa, akasubiri, akampigia wakati baba ameshazikwa. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Sasa kwetu Bujumbura mjane hatoki msibani hivi hivi. Watoto wote wanakaa meza moja, wanakula, mkubwa wao anasema maneno machache, ndipo mama anavua kitambaa cheusi. Mwaka ulipita na mama yetu, Clementina, bado alikuwa nacho kichwani, kimepauka kwa kufuliwa.

"Nitakivulia wapi?" alikuwa akiniuliza. "Meza yenyewe iko wapi?"

Mwishowe aliamua kuifuata meza hukohuko Ulaya. Akahangaikia viza mpaka akaipata, na mimi nikaenda kumnunulia simu ya safari kwa Dulla, Mtanzania aliyekuwa na kabati lake la vioo pale Warwick. Nikachukua Nokia iliyotumika, ikiwa na kadi ya hapa Durban ya kujaribia. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Anaclet alituma kadi ya simu ya Ubelgiji ndani ya bahasha. Gloriose akapata habari (kutoka kwa nani? kwangu, bila shaka) naye akatuma ya Ujerumani. Kila mmoja akaapa kwamba mama akiweka ya mwenzake, yeye hapigi. Nikamburuta mama hadi kwa Dulla atusaidie kuchagua.

"Shikamoo mama," akasema Dulla, akazigeuzageuza zile kadi mbili. "Sista, hizi ni za kulipia kabla. Hazivuki mpaka. Hii ya Ubelgiji ikifika Ujerumani inakufa, na hiyo nyingine vilevile."

"Na hii ya hapa?"

"Ya hapa ikitaka kufanya kazi Ulaya, lazima uwe na mkataba na kampuni. Wanataka kitambulisho cha hapa na hati ya mshahara."

Sisi, na makaratasi yetu ya ukimbizi! Nilicheka kwa hasira.

"Basi abadilishe mpakani," nikasema.

"Mpaka upi? Siku hizi treni inapita tu, haisimami. Utamwambia mama yako achungulie dirishani aone Ujerumani imeanzia wapi?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kreti, mkoba mapajani, kana kwamba mambo hayamhusu. Akauliza kitu kimoja tu: "Mwanangu Dulla, na hii ya hapa, ikibaki hapahapa, watu wa Ulaya wanaweza kuipigia?"

"Wanaweza, mama. Na anayepokea halipi kitu."

"Haya," akasema mama. Mimi wala sikumsikiliza, nilikuwa nawaza mpaka.

Wiki nzima kadi zile mbili zilikaa mezani, karibu na chumvi, bila kuguswa. Siku moja kabla ya safari nikapandwa na mori.

"Mama, chagua basi! Ya Liège au ya Cologne? Sema moja, mi nilale!"

"Nikichagua ya huyu, nimemtupa yule," akajibu, akiendelea kuchambua maharage. "Mimi nilizaa watoto, Sonia. Sikuzaa kampuni za simu."

Nikamchagulia mwenyewe. Nikaweka ya Ubelgiji kwenye Nokia, kwa kuwa ndege ilikuwa inatua Brussels, na ya Ujerumani nikaifunga kwenye leso. Vyote nikavitia ndani ya mkoba wake. Kesho yake nikamsindikiza uwanja wa ndege, nikamwona anaingia ndani na kitambaa chake cheusi, nikarudi saluni. Nikafunua kikapu changu cha vitana. Nokia hii hapa. Imewashwa, imezungushiwa waya wa chaji, na ndani ina kadi ya Durban. Nilipiga ukelele mpaka mteja akashika kichwa chake.

Sijapumua vizuri, simu ya saluni ikalia. Anaclet.

"Mama kaondoka? Kaweka kadi yangu?"

"Kaacha simu, kaka."

"Eh! Sasa nitampata vipi? Gloriose akinitangulia, akamchukua? Sonia, mwambie Gloriose..."

"Simwambii!" Saluni nzima ikageuka. "Mama anatua Brussels kesho asubuhi, hana simu, na atakaa juu ya begi lake mpaka mtu atokee. Mkitaka kujua nani anampokea, ulizaneni. Mimi si posta!"

Nikabamiza simu chini. Rhoda akanikumbusha kwamba ile simu si ya baba yangu. Ikalia tena. Gloriose. Naye nikampa yaleyale, kisha nikamuuliza, "Nambari ya Anaclet unayo?"

"Ninayo."

"Eish, si uipige, basi!"

Baada ya hapo, kimya. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya. Mimi niliyekuwa naililia amani nikawa naitazama simu ya Rhoda kila dakika, roho juu, namwona mama yangu peke yake kwenye benchi la Brussels.

Jumapili nimetoka misa, nimejipakulia wali na maharage, Nokia ikalia jikoni.

"Allo, Sonia, subiri," ilikuwa sauti ya Anaclet. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu, vijiko vinagongana, halafu Gloriose kwa mbali: "Isogeze kwa mama!"

"Sonia," akasema mama. "Umekula?"

"Mama! Unaniachia simu, wewe huna kitu, mi nakufa huku kwa wasiwasi..."

"Hawa ninawaona kwa macho. Uliye mbali ni wewe. Ulitaka tumalize matanga bila wewe? Weka sahani yako mezani. Kaka yako iko anataka kusema."

Nikaketi. Nikaiegemeza simu kwenye glasi, nikainamisha sikio.

"Gloriose," akaanza Anaclet, "siku ile baba..." Akakwama. Akakohoa. "Niliogopa kukwambia. Nisamehe."

Nikadhani laini imekatika. "Allo? Allo?"

"Tuko, Sonia," akasema Gloriose huku akilia. "Kula."

Kisha mama akasema amekivua kitambaa. Nikala maharage yangu na machozi yangu, simu imeegemea glasi, na kwa muda wote ule hakuna hata mmoja aliyeniambia nimwambie mwenzake kitu.