Canon ya Aloys, Sony ya Ghislaine

Aloys na mkewe Ghislaine walipiga picha za harusi Bukavu miaka mingi bila kugombana kazini, mpaka kamera yao ilipozama ziwani. Bwana harusi mmoja alitaka picha akiwa amesimama ndani ya mtumbwi wa pirogi. Pirogi ikayumba, Aloys akamdaka bwana harusi, kamera ikakosa wa kuidaka.

Gentil, rafiki yao muuza vyombo vya picha, akawaletea nyumbani kwao, mtaa wa Muhumba, kamera mbili, zote plein format, zile zenye sensa pana zinazoona vizuri hata kanisani penye giza. Canon ilikuwa nzito, ya kizamani kidogo, na kila ikipiga inalia "kacha!" Sony ilikuwa ndogo na kimya kabisa.

"Mujaribu zote mbili kwa ndoa ya samedi," Gentil akasema. "Dimanche nitarudi, muniambie moja tu ya kununua."

Aloys akaikumbatia Canon. "Hii njo kamera! Unashika, unasikia kweli unashika kitu."

"Basi shika jiwe ya kusagia," Ghislaine akamjibu. "Mimi niko na Sony. Haitasumbua padiri."

Wiki nzima nyumba ikawa bunge. Wakila ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wanabishana. Wakianika nguo, wanabishana: "jiwe" huku, "kitu ya kuchezea" kule.

Jumamosi wakaenda kwenye harusi ya Bijou na Thierry, kila mmoja na kipenzi chake. Walipokuwa wakipiga picha bustanini mvua ikashuka bila hodi. Wakatumbukiza kamera katika mifuko, kila mmoja akanyakua uliokuwa karibu, wakakimbilia ukumbini. Mifuko yenyewe ilifanana kama mapacha. Aloys alipofungua wake akakuta Sony. Ghislaine, ng'ambo ya ukumbi, amezingirwa na wapambe, ana Canon mkononi. Muziki ulishaanza, nafasi ya kubadilishana hakuna.

Tangu asubuhi Koko Euphrasie, nyanya yake Bijou, alikuwa akijifunika uso kwa kitenge kila akisikia "kacha!"

"Tangu muzee wangu alikufa, sipendi picha," alikuwa amemwambia Aloys.

Sasa Aloys aliketi pembeni na ile kamera bubu. Bijou akaja kumvuta koko wake wacheze. Koko akakataa, akakataa tena, halafu akavua viatu na kuingia katikati, kiuno kinazunguka, anacheka mpaka machozi. Kidole cha Aloys kikabonyeza kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

Moyo ukamsuta. Koko aliporudi kwenye kiti chake, Aloys akapiga magoti mbele yake, akamwonyesha.

"Koko, nimekuiba. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

Bibi akaivuta kamera karibu na macho yake.

"Huyu njo mimi? Nilizani kicheko yangu ilienda na muzee." Akaurudisha mkono wa Aloys taratibu. "Usifute. Unitolee kubwa ya kutundika ku salon ya nyumba yangu."

Jumapili Gentil akafika. "Basi, munabaki na gani?"

"Sony," akasema Aloys.

"Canon," akasema Ghislaine.

Wakatazamana.

"Vidole yangu ilikuwa na maji, lakini Canon haikuteleza hata kidogo!" Ghislaine akajitetea. "Batri ikafika mpaka ku kukata gato ya ndoa!"

"Weye njo ulisema iko jiwe!"

"Na weye ulisema Sony iko kitu ya kuchezea!"

Bunge likafunguliwa upya, wabunge wamebadilishana viti. Gentil akajimiminia chai. Ndipo Aloys akamnyooshea mkewe Sony, na picha ya Koko Euphrasie ikiwa kwenye kioo.

Ghislaine akaweka Canon mezani, akaipokea.

"Ulifanya nini juu acheke vile?"

"Hakuna kitu. Hakujua niko pale. Kisha nikamuonyesha, akasema nisifute."

Ghislaine akaishika Canon kwa mara ya mwisho, akaipima uzito kwa huruma, akamkabidhi Gentil.

"Peleka mbio, roho yangu isigeuke."

Kisha akaivaa Sony shingoni mwake. Aloys alipoomba aiangalie kidogo, akaambiwa angoje zamu yake.